Nyonga za Mkata Mkonge

Pale Ngombezi, nje kidogo ya mji wa Korogwe, yupo mzee ambaye bado anakata mkonge kwa namna niliyodhani imekwisha. Vijana wa mistari ya jirani huinamisha mgongo, miguu wameibana, wakavuta kisu kwa nguvu za mkono. Yeye hutanguliza mguu wa kushoto, hukunja magoti na kushusha nyonga, kisha mwili mzima huzunguka kidogo na jani huachia shina kwa pigo moja. Mkono wake hauna papara. Huwezi kusema nguvu ile imetoka wapi.

Nilimtazama miguu kuliko kisu. Shamba lina mawe na visiki vya mikonge ya zamani, na ncha ya kila jani ina mwiba wa kutoboa jicho; anayeyumba huumia. Mzee hauachii mguu uzito wote mpaka unyayo umeijua ardhi. Jani likikatika, uzito umeshahamia mbele. Akigeuka kuondoa mwiba, umerudi nyuma, na kichwa kimetulia palepale. Majani thelathini hufungwa mzigo mmoja, nao, ukiwa mbichi hivyo, hubebwa begani hadi njiani. Hapo pia mgongo hausumbuliwi: huchuchumaa, huupokea, hupanda nao kwa mapaja. Alijifunza kwa kumfuata baba yake mstarini, mchana baada ya mchana.

Ulimwenguni wapo wanaolipa fedha nyingi kufundishwa jambo hilihili. Mcheza gofu huambiwa kwamba kipigo hakianzi mikononi: huanza nyayoni, kikapanda miguu, kikazunguka nyongani, mabega yakafuata, na fimbo ikaja mwisho. Nyonga ikikaza, mgongo wa chini hulazimika kuzunguka badala yake, nao haukuumbiwa kazi hiyo. Ndiyo maana wacheza gofu wengi hulalamikia kiuno. Basi hupimwa wanavyosimama kwa mguu mmoja, hunyooshwa nyonga, hupigwa picha za video. Hilo ni jema. Kinachoniuma ni kwamba elimu hiyo ilitembea peku kati ya Mombo na Hale kwa vizazi, na hakuna aliyeiita elimu.

Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Baadaye wakaja manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka Uha, Urundi na Msumbiji. Sisifu dhiki yao, maana walinyonywa. Nasifu walichokijua. Mwaka 1964 Tanzania ilitoa zaidi ya tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 zilibaki kama tani 20,000. Tani zimeandikwa. Kipande, ile kadi ya kazi, kilihesabu siku, nyapara akahesabu mizigo, na mwili uliofanya yote hayo haukuandikwa popote. Mashamba yalipodorora, wakataji wakazeekea makambini na ujuzi wao ukazeeka nao.

Kule Handeni bibi yangu hakuwahi kuukata mkonge, ila alikuwa na nyonga hizohizo. Alipalilia mahindi miguu ikiwa karibu imenyooka, mgongo bapa kama meza, jembe likienda na kurudi huku akitusimulia habari za ndugu na majirani bila kuhema. Jua likipanda alijiinua taratibu, akatazama mawingu ambayo Handeni huyasubiri sana, akainama tena. Hadi uzeeni aliweza kuchuchumaa jikoni akipepeta mchele, kisha akasimama bila kushika kitu. Leo kijana wa Chanika, hukohuko Handeni, hushinda juu ya bodaboda tangu asubuhi. Mwambie achuchumae aokote sarafu, atatafuta ukuta. Tumeiacha miili yetu ikaze, tena bila hata kujua kilichopotea.

Mkonge sasa umerudi kuwa zao la kimkakati na mashamba yanapandwa upya. Kijana anayeajiriwa leo hupewa kisu na kuonyeshwa mstari, basi. Bodi ya Mkonge na wenye mashamba wawatafute wazee waliobaki, wawalipe kama walimu, wawasimamishe mstarini pamoja na vijana hao kabla mzigo wa kwanza haujahesabiwa. Wazee wenyewe si wengi tena.