"Mwoneshe wewe ndiye bosi": tuukague ushauri wa jogoo mkali

Kama unafuga kuku wa kienyeji hapa mjini, au umepanga nyumba ambayo mwenzako anafuga, ushauri huu umeshausikia. Jogoo akianza kurukia watu unaambiwa: mwoneshe wewe ndiye bosi. Mpige teke moja la maana. Mkimbize mpaka achoke. Mning'inize kichwa chini mbele ya mitetea wake. Unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na kila anayeutoa ana mfano wa jogoo "aliyenyooka".

Leo tuukague kama tunavyokagua dai lolote: umesimama juu ya nini, na nani anaumia ukikosea? Swali la pili ndilo zito. Nyumba nyingi za Mchikichini zina uwa mmoja wa wapangaji wote. Ndoo za maji, majiko ya mkaa, kuku na watoto, wote wako hapo hapo. Mtu mzima akirukiwa anakwaruzwa goti. Mtoto wa miaka miwili anarukiwa usoni.

Dai la kwanza: jogoo anakuona mpinzani, mshinde

Dai hili lina mzizi wa kisayansi, tusilibeze. Thorleif Schjelderup-Ebbe, Mnorwe aliyewachunguza kuku tangu utotoni, alieleza mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwamba kuku wana ngazi: huyu anamdonoa yule, yule anamdonoa wa chini yake. Wakishajuana, ugomvi unapungua. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walionesha kwamba hata kuwika alfajiri kunafuata ngazi hiyo: jogoo wa juu anaanza, wengine wanafuata kwa zamu. Akiondolewa, wa pili anashika nafasi.

Lakini angalia vizuri. Hiyo ni ngazi ya kuku kwa kuku. Kumwingiza binadamu ndani yake ni kuruka hatua. Na hata tukikubali kwamba na wewe umo, bado ushauri unaanguka kwa mantiki yake wenyewe. Ngazi ya kuku inapangwa kati ya wawili wanaojuana. Kwa hiyo ushindi wako ni wako peke yako. Haumhusu mtoto wa jirani, wala bibi anayekwenda chooni na kopo la maji. Ndiyo maana utasikia mwenye kuku akisema, "Mbona mimi hanigusi?" Sawa, hakugusi wewe. Je, na wenzako uwani?

Dai la pili: ukimning'iniza anatulia

Kweli anatulia. Pita sokoni Kariakoo uone kuku wanavyobebwa miguu juu, kimya kabisa. Ila kutulia siyo kukubali. Ndege hana kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo kwetu sisi. Ukimgeuza, matumbo yanakandamiza mapafu na vifuko vya hewa, na kupumua kunakuwa kazi. Juu ya hapo, kuku aliyekamatwa huweza kuganda kwa hofu, kama mnyama anayejifanya amekufa mbele ya adui. Wewe unasoma "ameelewa somo", kumbe ni mwili unajiokoa. Akirudi chini, hakuna alichojifunza kuhusu kupita kwa watu. Na tusisahau kwamba Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama.

Dai la tatu: kipigo kinafundisha

Kinafundisha, ila pengine siyo unachotaka. Jogoo anapopigana na mwenzake hurushiwa mateke. Ukimrushia teke, umemjibu kwa lugha ya ugomvi. Wengine watakimbia, wengine watapandisha manyoya ya shingo na kurudi kwa nguvu zaidi.

Kuna somo lingine tunalomfundisha kila siku bila kujua. Anarukia, mtoto anakimbia, njia inabaki tupu. Kwa jogoo hayo ni mafanikio, na tabia inayolipa hurudiwa. Hapa niwape haki yao wanaosema "usimkimbie": hilo ni sahihi. Kosa ni kuunganisha kusimama imara na kupiga, kama vile ni kitu kimoja.

Kinachoachwa nje: damu na mbegu

Mwaka 1849 Arnold Berthold, huko Göttingen, Ujerumani, aliwahasi jogoo wachanga. Walionyimwa korodani kabisa hawakuwa majogoo: upanga wa kichwani ulibaki mdogo, hawakuwika kijogoo wala kugombana. Wengine aliwarudishia korodani ndani ya tumbo, mbali na mahali pake. Hao wakawika na kupigana kama kawaida. Akahitimisha kwamba kuna kitu kinasafiri kwenye damu. Leo tunakiita homoni, na ya jogoo ni testosteroni.

Ndiyo maana pora mpole anaweza kubadilika ghafla akifikisha miezi mitano au sita. Hajakosa adabu, amebalehe. Na ukali unarithiwa: Kuchi, kuku warefu wenye sifa ya ugomvi, wamehusishwa na tafiti za vinasaba na kuku wa kupigana wa Asia ya mashariki. Watu walichagua wakali kizazi baada ya kizazi. Basi na wapole wanaweza kuchaguliwa vilevile.

Sasa tufanye nini?

Anza na swali ambalo wengi hawajiulizi: unamhitaji? Mtetea anataga bila jogoo. Jogoo anahitajika ukitaka vifaranga tu. Kama lengo lako ni mayai ya kula, tatizo limekwisha.

Ukimhitaji, mtenge kwa banda au wavu ili njia ya watu isiwe eneo lake, na usiweke majogoo wawili kwenye uwa mdogo. Ukiingia, shika beseni au ungo mbele ya miguu, tembea polepole, usirudi nyuma kwa kukimbia wala usimfukuze. Mtoto mdogo asitumwe kulisha. Ule mwiba wa nyuma ya mguu, ambao kamusi huuita kipi, unaweza kupunguzwa ncha tu, maana ndani yake kuna mfupa na damu.

Akimjeruhi mtu, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha nenda zahanati uulizie sindano ya pepopunda. Jeraha la jicho au kichwa cha mtoto halisubiri kesho. Na mzee mwenye mishipa iliyovimba miguuni awe mbali: Australia kuna mama wa miaka 76 aliyefariki kwa kutokwa damu baada ya jogoo kumdonoa mshipa wa namna hiyo.

Akiendelea na ukali baada ya yote hayo, mchuzi ni jibu la heshima. Kisichofaa ni kumuuza kama jogoo wa mbegu kwa mtu asiyejua. Hapo hujamaliza tatizo, umelihamishia uwa mwingine, likiwa na vifaranga wake.