Kupima Ubora wa Nakala Zinazotolewa kwenye Picha Ghafi: Mifano ya Sydney
Picha ghafi ni faili inayohifadhi vipimo vya mwanga kama vilivyosomwa na kihisi cha kamera, kabla havijageuzwa kuwa picha kamili. Kwa kawaida hubeba biti 12 au 14 kwa kila pikseli, yaani viwango 4,096 au 16,384 vya mwanga, ilhali JPEG ya kawaida hutoa viwango 256 tu kwa kila rangi. Kwa hiyo mjuzi anayepokea nakala ya kuhariri huanza kwa kuuliza ni kiasi gani cha mwanga huo kimesalia, na uzuri wa picha huuacha kwanza.

Mjini Sydney hakuna kipimo kikali kuliko mapaa ya Jumba la Opera, lililobuniwa na Jørn Utzon na kufunguliwa mwaka 1973. Yamefunikwa kwa vigae zaidi ya milioni moja vilivyotengenezwa Sweden, vya aina mbili: vyeupe vinavyong'aa na vya rangi ya krimu visivyong'aa. Jua la mchana likiwaka, tofauti kati ya aina hizo hubaki ndogo mno, nayo ndiyo inayopaswa kutafutwa. Katika nakala njema mistari ya vigae husomeka hata upande unaopigwa na jua, lakini katika nakala mbovu paa zima hugeuka doa jeupe lisilo na taarifa yoyote ndani yake, na hakuna uhariri unaoweza kurudisha kilichokwisha kutupwa. Ndiyo maana nakala ya kuhariri hutolewa kama TIFF ya biti 16, yenye profaili pana ya rangi kama Adobe RGB au ProPhoto RGB, na sRGB huachiwa nakala ya mwisho ya kutazamwa kwenye skrini. Kuchanganya ProPhoto RGB na biti 8 ni kosa baya, kwa sababu mbingu tulivu juu ya bandari hukatika vipande vya rangi.

Taarifa zilizopachikwa ndani ya picha, yaani metadata, zinastahili ukaguzi mkali vilevile. EXIF huandikwa na kamera. IPTC hubeba jina la mpiga picha, maelezo na haki. XMP, iliyoletwa na Adobe mwaka 2001, huweza kubeba pia maagizo ya uhariri, mara nyingi katika faili ndogo inayokaa kando ya picha ghafi, ambayo ikiachwa nyuma wakati wa kuhamisha folda, kazi yote ya mhariri hupotea nayo.

Saa ndipo wengi wanapoteleza. Hadi toleo la 2.31 la mwaka 2016, EXIF haikuwa na sehemu rasmi ya kuandika ukanda wa saa wa picha. Sydney hutangulia saa ya kimataifa kwa saa 10, na kwa saa 11 kuanzia Jumapili ya kwanza ya Oktoba hadi Jumapili ya kwanza ya Aprili. Kamera isiyorekebishwa kwa badiliko hilo huandika fataki za usiku wa manane wa mwaka mpya kuwa za saa tano usiku, tarehe 31 Desemba, na hivyo kuzirudisha mwaka uliopita.

Mahali napo pana mtego wake. EXIF huandika latitudo kama namba tupu, na herufi ya kusini huwekwa katika sehemu nyingine. Programu inayoidondosha herufi hiyo huipeleka Sydney, iliyoko nyuzi 33.86 kusini, katika bahari ya Pasifiki mashariki ya Japani.

Jina na haki havipaswi kuguswa. Sheria ya hakimiliki ya Australia ya 1968, kama ilivyorekebishwa mwaka 2000, inatambua haki ya mtunzi kutajwa, na inakataza kuondoa taarifa za kielektroniki za haki bila ruhusa, kwa kujua kwamba kufanya hivyo kutarahisisha uvunjaji wa haki hizo. Kinachofaa kuondolewa katika nakala ya kuchapishwa ni taarifa za mahali palipo makazi ya mtu, huku nakala ya kumbukumbu ikibaki kamili. Na kuondolewa huko huthibitishwa kwa kufungua faili iliyotolewa katika programu tofauti na ile iliyoitoa.