Msimulizi Asiyejua Kusoma

Mwandishi wa riwaya ya upelelezi ana deni kwa msomaji wake: asimfiche ushahidi. Sisi tuliolelewa na Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, tunaijua kanuni hiyo. Jibu likija mwishoni, turudi nyuma tuone kwamba lilikuwa mbele yetu muda wote. Sarah Waters analilipa deni hilo kwa ujanja wa aina yake katika Fingersmith, riwaya ya mwaka 2002. Ushahidi umo vitabuni, vitabu vimejaa nyumba nzima, na anayetusimulia hajui kusoma.

Nitayafumua mafundo ya hadithi hapa. Anayetaka kushtuka mwenyewe akaisome kwanza, kisha arudi.

Tuko Uingereza, miaka ya 1860. Sue Trinder amekulia Lant Street, London, katika nyumba inayonunua mali za wizi, mikononi mwa Bi. Sucksby, mlea vichanga wa kulipwa. Tapeli anayejulikana kwa jina la Gentleman anawaletea mpango. Sue aende mashambani akawe mtumishi wa chumbani wa Maud Lilly, yatima anayelelewa na mjomba wake, amlainishe mpaka akubali kuolewa na tapeli huyo. Ndoa ikishafungwa, Maud atupwe hospitali ya vichaa na urithi wake ugawanywe. Sue anakwenda. Ambalo hakuna aliyelipanga ni kwamba anampenda Maud.

Sasa tazama fundi anavyofanya kazi. Mjomba huyo kutwa yumo maktabani akiandaa faharasa kubwa ya vitabu, na Maud ndiye karani wake. Sue anaona rafu, anaona wino, anaona glavu ambazo Maud hazivui. Anaona mkono wa shaba sakafuni, kidole kimenyooshwa, kuonyesha mpaka ambao watumishi hawauvuki. Yote hayo anatueleza bila kuficha. Lakini kwa Sue kitabu ni kitabu, kitu cha heshima cha watu waliosoma, nasi tunaiazima heshima hiyo bila kujua. Hakuna anayeuliza vitabu hivyo vinahusu nini. Nilipouona mtego huo nilikasirika kidogo, kwa sababu swali lilikuwa rahisi mno.

Vinahusu ngono, vyote. Hapo historia inaingia. Mwaka 1857 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyowapa mahakimu uwezo wa kuamuru nyumba na maduka yapekuliwe na machapisho machafu yateketezwe. Biashara haikufa, ilijificha, na wateja wake wakawa waungwana wenye fedha. Mmoja wao, mfanyabiashara Henry Spencer Ashbee, alichapisha kwa jina bandia la Pisanus Fraxi mabuku matatu, mwaka 1877, 1879 na 1885, yakiorodhesha na kueleza vitabu vya aina hiyo. Waters anasema mwishoni mwa riwaya kwamba faharasa ya mjomba imejengwa juu ya kazi ya Ashbee, na kwamba vitabu anavyovitaja Maud vilikuwapo kweli.

Uchaguzi huo unamtatulia mwandishi tatizo kubwa. Sheria za Uingereza za karne ile ziliwaadhibu wanaume waliolala na wanaume; kuhusu wanawake hazikusema kitu. Pasipo mashtaka hapana majalada ya mahakama, na mtafiti anayewatafuta wanawake waliopendana anabaki na shajara na barua chache. Kinachopatikana kwa wingi ni vitabu vya wanaume, vilivyoandikwa kwa ajili ya wanaume, vikijifanya vinajua. Waters, aliyepata shahada ya uzamivu mwaka 1995 kwa utafiti wa riwaya za kihistoria kuhusu mapenzi ya jinsia moja, analijua pengo hilo vizuri. Badala ya kuliziba kwa kubuni nyaraka, amelifanya kuwa ndiyo hadithi yenyewe.

Sehemu ya kwanza inakwisha kwa pigo: gari linafika hospitalini, na anayefungiwa ndani ni Sue. Sehemu ya pili Maud anashika usimulizi na kutupitisha kwenye matukio yale yale. Waandishi wengi hufia hapa, maana kurudia humchosha msomaji. Waters haongezi matukio, anabadilisha maana yake. Usiku ambao Sue, kwa huruma, alimweleza bibi yake mambo ya ndoa akidhani hajui lolote, tunauona upya. Maud amekuwa akiwasomea wageni wa mjomba kurasa hizo kwa sauti tangu akiwa msichana mdogo. Maneno yote anayo. Asilokuwa nalo ni kuamini kwamba yanaweza kumhusu yeye.

Halafu kuna kipande cha hospitali, ambacho kwangu ndicho kilele cha ufundi wa riwaya hii. Daktari ameambiwa kwamba mgonjwa ameharibiwa akili na vitabu. Sue anapiga kelele kwamba yeye si Maud, hajui hata kuandika. Daktari anampa chaki aandike, anashindwa, na kushindwa kwenyewe kunahesabiwa kuwa dalili ya ugonjwa. Ushahidi pekee wa ukweli wake umegeuka ushahidi dhidi yake. Mifupa ya kisa, mwanamke kufungiwa kwa jina la mwingine, inatoka kwa Wilkie Collins na The Woman in White ya mwaka 1860, lakini kinaya hiki cha kutojua kusoma ni cha Waters.

Sehemu ya tatu imelegea. Siku za hospitali ni nyingi kuliko mahitaji ya kisa, na siri kwamba Sue na Maud walibadilishwa wakiwa wachanga inabebeshwa mzigo mzito. Park Chan-wook, alipoihamishia riwaya hii Korea ya wakati wa ukoloni wa Kijapani katika filamu The Handmaiden ya mwaka 2016, aliikata siri hiyo, na filamu ikasimama. Ila kwa kuikata alipoteza tukio ambalo riwaya nzima ilikuwa ikilitayarisha: Sue ana barua mkononi inayosema yeye ni nani, na inambidi atafute mtu wa kumsomea.

Mwishoni Maud anajipatia riziki kwa kuandika vitabu vile vile alivyolazimishwa kuvisoma, safari hii kwa kalamu yake mwenyewe, na Sue anamtaka amwonyeshe kilichoandikwa. Filamu ni nzuri, ila kwa ufundi wa kuficha na kufichua, kitabu kinaishinda.