Aliyepika na Anayepakua

Kabla ya kompyuta kuingia majumbani, Mswahili alikuwa na vitu viwili vikubwa vya kupakua: chakula kutoka chunguni na shehena kutoka chomboni. Katika vyote viwili mwenye mali alijulikana. Mpakua wali alimjua aliyepika, na akila bila ya kumshukuru alihesabiwa hana adabu. Mchukuzi wa bandarini alijua kwamba magunia yana mwenyewe; ujira wake ulikuwa wa kubeba, haukuwa wa kumiliki. Neno hilo lilipohamishiwa kwenye mtandao lilihama peke yake, adabu zake zikabaki jikoni na gatini. Siku hizi mtu hupakua wimbo, diwani au filamu akiwa kitandani; chungu hakioni, na aliyepika hamjui.

Jambo hili huzungumzwa aghalabu kana kwamba ni la watu wa mijini. Lakini ugumu wake huonekana vizuri zaidi mbali na miji na mbali na bahari. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, hutoka Dar es Salaam, hulikata bonde la Kilombero kupitia Ifakara na Mlimba, kisha huanza kupanda milima kwenda Makambako kwa madaraja na mahandaki mengi. Uchindile ni kituo kimojawapo cha mpando huo. Na afikiriwe kijana wa huko, mpenzi wa mashairi, asiyetarajia kuikuta diwani dukani kijijini kwake, lakini mwenye simu, na ndani ya simu hiyo memori kadi iliyo ndogo kuliko ukucha. Kadini mna vitu vinne: wimbo wa Siti binti Saad, kurasa za mashairi ya Shaaban Robert zilizopigwa picha, wimbo wa Mbaraka Mwinshehe, na shairi la Haji Gora Haji likighaniwa na mtu asiyejitaja. Vyote vimetoka mtandaoni, au kwa rafiki aliyevitoa mtandaoni. Kijana hakumlipa mtunzi hata senti. Je, ni mwizi?

Sheria hailijibu swali hilo kwa neno moja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya 1999, ndiyo inayohusika Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya 2003 na chombo chake cha kuisimamia, COSOZA. Kwa sheria ile ya Bara, mtunzi hulindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Shaaban Robert alifariki 1962. Muda wake ulikwisha pamoja na mwaka 2012, na mashairi yake anaweza kuyanakili yeyote, ijapokuwa utangulizi au maelezo aliyoyaongeza mhariri wa baadaye yana mwenyewe. Mbaraka Mwinshehe, aliyelipa jina kubwa bendi la Morogoro Jazz katika mkoa ule ule ilimo Uchindile, alifariki kwa ajali ya gari 1979. Mitungo yake ni mali ya warithi wake hadi mwisho wa 2029. Haji Gora Haji, malenga wa Tumbatu, alifariki 2021, na warithi wake wanalindwa hadi mwisho wa 2071.

Amebaki Siti. Yeye alifariki 1950, na mwenye haraka angesema nyimbo zake zimekuwa huru tangu 2001. Lakini nyimbo ambazo kundi lake lilianza kuzitia katika santuri huko Bombay mwaka 1928 hazikuwa zote za mtu mmoja. Katika kundi lile walikuwamo Mbaruk Talsam, Subeit Ambar na Buda Swedi, na utungaji ulikuwa wa kushirikiana. Kazi iliyotungwa na wengi huhesabiwa tangu kufa kwa yule wa mwisho wao. Basi atakaye kujua sheria inasemaje juu ya faili moja la Siti hana budi ajue kwanza maneno yake yalitungwa na nani. Faili lenyewe halimwambii. Mara nyingi hata jina la Siti halimo. Mna namba tu.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Jina la mtunzi si pambo la heshima peke yake. Ndilo linaloiwezesha hata sheria kuhesabu. Anayelifuta huwaacha wanaomfuata gizani, wasijue kama walichonacho ni cha umma au ni riziki ya mjane fulani.

Wako wanaoitetea tabia ya kupakua ovyo kwa kusema kwamba kunakili ni mila yetu. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na haifai kubezwa. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki 1840 bila ya kuona diwani yake. Mashairi yake yalikaa vinywani mwa watu; Mwalimu Sikujua bin Abdallah akayakusanya pamoja na Mwingereza W. E. Taylor, na kitabu kikachapishwa Johannesburg mwaka 1940, karne nzima baada ya mtunzi kuzikwa. Lau kila aliyelihifadhi shairi la Muyaka angeambiwa asilirudie mpaka apate idhini ya maandishi, leo pasingekuwa na Muyaka. Vivyo hivyo tenzi za kale zimefika hapa kwa mikono ya waandishi wa hati kama Muhammad Kijumwa wa Lamu, ambaye nakala zake zilikwenda mpaka Ulaya. Ushairi wa pwani umeishi kwa kunakiliwa.

Lakini watetezi hao huichukua nusu ya mila na kuiacha nusu. Mnakili wa zamani alikuwa na miiko. Hakulibandua jina la mtunzi, na alizoea kuimaliza hati kwa kuandika imenakiliwa na nani na tarehe gani, ili makosa yake yasibebeshwe mtu mwingine. Watunzi nao hawakumtegemea mnakili peke yake. Walijitaja ndani ya utungo, aghalabu katika beti za mwisho, mahali ambapo jina limefungwa kwa vina na mizani na haling'oki bila ya kulibomoa shairi. Mwana Kupona binti Msham, alipomtungia bintiye utendi mwaka 1858, alijitaja na akautaja mwaka. Wala hakuwa akijisifu. Alikuwa akiweka muhuri kwa utaalamu wa zama zake. Ubeti wa kujitaja ndio hakimiliki ya kwanza ya Waswahili, na haikuhitaji mahakama.

Mila hiyo ilikuwa na mwiko wa pili, nao ni tunzo. Katika taarabu, msikilizaji aliyeguswa huinuka akaenda kumtunza mwimbaji hadharani. Hakuna anayemwuliza risiti, wala hakuna anayemzuia asiye na kitu asisikilize. Lakini kila aliyemo ukumbini anajua kwamba raha ile ina gharama, na mwenye uwezo akikaa tu na mikono mifukoni, watu humwona. Huo ulikuwa ndio mpango wa malipo: maskini alisikia bure, tajiri alitoa zaidi, na aibu ilifanya kazi ya askari. Mtandao umeuondoa ukumbi. Msikilizaji yuko peke yake gizani, hakuna amwonaye, na mwimbaji hawezi kujua kwamba ameimba mbele ya watu elfu kumi.

Kwa hiyo hukumu juu ya kijana wa Uchindile haiwezi kuwa sawa na hukumu juu ya mwenye kibanda anayemwingizia mtu nyimbo mia kadini kwa malipo. Sheria ya 1999 yenyewe ina nafasi, kwa mipaka yake, ya mtu kujinakilia kwa matumizi yake binafsi kazi iliyokwisha kuchapishwa kihalali. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ni kali zaidi, kwani humgusa hata anayevunja haki hizi kwa kompyuta pasipo biashara. Nayo pia imemwekea mfanyabiashara adhabu nzito zaidi. Mwenye kibanda hujitetea kwamba analipisha kazi ya mikono yake tu. Kijumwa naye alilipwa kwa mkono wake. Tofauti ni kwamba Kijumwa alipoinakili Al-Inkishafi hakumnyang'anya mtunzi wake mnunuzi hata mmoja, kwa kuwa mtunzi alikuwa kaburini zamani na soko la kitabu hicho halikuwapo. Anayeuza leo wimbo wa mtunzi aliye hai husimama baina ya mtunzi huyo na tunzo yake, akaipokea yeye.

Kuhusu dhiki, ni kweli kwamba diwani nyingi za miaka iliyopita hazipatikani kwa urahisi, na safari ya kutoka mlimani kwenda kuitafuta moja inaweza kugharimu kuliko kitabu chenyewe. Dhiki hiyo humpa msomaji udhuru wa kusoma. Haimpi udhuru wa kuwagawia wengine, sembuse kuuza, na hasa haimpi udhuru wa kulifuta jina. Wachapishaji nao wasijifiche nyuma ya sheria. Anayekaa na haki ya diwani miaka ishirini bila ya kuichapa upya amelifungia shairi kabatini, kisha analalamika kwamba watu wamepitia dirishani. Wala kupakua kwenyewe si haramu kwa asili. Mdundo, iliyoanzia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 2010, iliwawezesha watu kupakua nyimbo bure kwa ruhusa ya wenyewe, gharama zikabebwa na matangazo. Palipo na ruhusa, wepesi wa chombo huwa neema.

Upo upande mwingine ambao wapenzi wa mashairi wa pwani hawauzingatii vya kutosha. Uchindile na bonde lake si mpokeaji tu. Kilombero na Ulanga kuna nyimbo na ngoma zake, sangula ikiwa mojawapo inayojulikana sana. Mgeni mwenye simu anaweza kuirekodi jioni moja, akaitia midundo ya studio, akaipandisha mtandaoni kwa jina lake, na kijana wa Uchindile akaja kuipakua sauti ya bibi yake kama kazi ya mtu wa mjini. Sheria ya 1999 ililiona hilo. Imeweka sehemu nzima juu ya sanaa za jadi: anayezitumia kwa kuchuma nje ya mazingira yake ya asili hutakiwa kupata idhini ya Baraza la Sanaa la Taifa, na chimbuko lake hutakiwa kutajwa, yaani jamii au mahali ilipotoka. Hata hapa, ambapo mtunzi mmoja hajulikani, sheria imetaka jina. Kama si la mtu, basi la kijiji. Lakini sheria hii haiwezi kufanya kazi mahali ambapo hakuna aliyezoea kuuliza wimbo umetoka wapi. Anayekubali wimbo wa Siti usio na jina hana ulimi wa kudai jina la ngoma ya kwao.

Pwani inao mfano mchungu wa kujifunzia. Malaika ni wimbo wa Kiswahili uliofika mbali kuliko karibu nyimbo zote, ukaimbwa na Miriam Makeba, Harry Belafonte na Boney M. Fadhili Williams wa Kenya, aliyefariki 2001, alijulikana duniani kuwa ndiye mwenyewe. Wengine, akiwamo Adam Salim, walitajwa kuwa ndio waliotunga. Ugomvi huo hausuluhishiki kwa kusikiliza wimbo, kwa sababu wimbo haukubeba ubeti wa kujitaja. Mwana Kupona asingepatwa na msiba kama huo.

Sheria itaendelea kubadilika. Marekebisho ya 2022 yaliingiza tozo ya hakimiliki kwenye vifaa vya kunakilia na kuhifadhia kazi, na wazo hilo linafanana na tunzo ya ukumbini: kila mwenye chombo atoe kidogo, watunzi wagawiwe. Lakini fedha zikishakusanywa zitagawiwa kwa orodha, na orodha ni majina. Mtunzi ambaye mashairi yake yanazunguka bila ya jina hana mlango wa kuingilia katika orodha hiyo.

Kijana wa Uchindile basi si mwizi kwa kuwa tu ana kadi. Anaweza kuwa mnakili kwa maana ya zamani, na kwa hilo anahitaji mambo ambayo hata mwenye dhiki anayaweza. Alibadilishe jina la faili, mahali pa namba aandike nani katunga, nani kaimba, na mwaka kama unajulikana. Asimpe mwenzake shairi lisilo na mwenyewe. Kazi ya aliye hai asiiuze, na siku akipata chochote, akitunze chungu alichopakulia. Mengine ni ya wachapishaji na ya serikali. Kuandika jina hakugharimu senti, na huanza kwa aliyeishika simu.