Robo Saa ya Adhuhuri Katika Mji wa Helena

Wahakiki wa fasihi simulizi wamezoea kuitafuta sanaa yao barazani, ngomani, shambani na jikoni. Wachache wameitafuta katika kituo cha redio, na wachache zaidi katika kituo cha biashara kilichojengwa katika mji mdogo. Sababu yake haijifichi. Kituo cha namna hiyo hudharauliwa mara mbili: kwanza kwa udogo wake, kwa kuwa sauti yake haivuki wilaya mbili tatu; pili kwa uchuuzi wake, kwa kuwa huuza dakika zake kama muuza nguo auzavyo doti. Hudhaniwa kwamba palipo na tangazo la sabuni hapana nafasi ya utungo. Dhana hiyo yastahili kupimwa, na kipimo chema ni mfano mmoja unaojulikana vizuri: kituo cha KFFA cha mji wa Helena, katika jimbo la Arkansas, Marekani, na kipindi chake kiitwacho King Biscuit Time, kilichoanza mwezi wa Novemba 1941.

Wakati huo redio ya biashara ilikuwa na umri wa miaka ishirini hivi. Mwezi wa Agosti 1922 kituo cha WEAF cha New York kilipokea dola 50 kutoka kwa kampuni ya majumba, ili msemaji wa kampuni hiyo azisifu nyumba zake kwa dakika kumi. Desturi hiyo ikaota mizizi Marekani, wakati Uingereza ilifuata njia nyingine, ya shirika la umma lililolipiwa kwa leseni ya msikilizaji. Vituo vya miji mikubwa vilijiunga na mitandao ya nchi nzima, na watengenezaji wa sabuni na sigara wakalipia michezo ya kuigiza na bendi kubwa. Kituo cha mji mdogo hakikuwa na matajiri hao. Wateja wake walikuwa muuza mbegu, mwenye duka la samani na mwenye duka la vyakula. Na vipindi vyake vilifuata mahitaji ya watu hao na wanunuzi wao: bei za mazao, hali ya hewa, taarifa za misiba, mahubiri, mpira wa shule, na nyimbo za wenyeji. Mwenyeji aliyejua kupiga gitaa alipatikana kwa gharama ndogo, tena wasikilizaji walimjua. Hivyo umaskini wa kituo ndio uliomfungulia mlango msanii wa mtaani. Baada ya Vita Kuu ya Pili vituo vya namna hii viliongezeka kwa kasi; vituo vya redio vya Marekani ambavyo havikufika 1,000 vita vilipokwisha vilikuwa vimepita 2,000 kufikia mwaka 1950.

Helena ni mji wa bandari ukingoni mwa mto Mississippi, na katika mwaka 1941 wakazi wake hawakufika 10,000. Uliishi kwa pamba. Mashamba yaliyouzunguka yalilimwa na watu weusi, wengi wao wakiwa wakulima wa kugawana mavuno, ambao mwisho wa msimu walijikuta na deni katika duka la mwenye shamba. Sheria na desturi ziliwatenga shuleni, garini, hotelini na katika sanduku la kura. Mwaka 1919, katika wilaya hiyo hiyo ya Phillips, wakulima weusi waliokutana karibu na kijiji cha Elaine ili wadai bei ya haki ya pamba yao walishambuliwa, na wengi wakauawa. Idadi yao ingali inabishaniwa na wanahistoria. Watu weusi 12 walihukumiwa kifo katika mahakama ya Helena yenyewe, na mapambano marefu ya sheria, pamoja na uamuzi wa Mahakama Kuu ya nchi wa mwaka 1923, ndiyo yaliyowaokoa. Asiyeyakumbuka hayo hawezi kuupima uzito wa jambo lililotokea miaka 22 baada ya mauaji yale: sauti ya mtu mweusi kusikika kila siku ya kazi, saa sita na robo mchana, katika nyumba za weusi na weupe sawasawa.

Jambo hilo halikuanzishwa na mtu mwenye nia ya kuleta mageuzi. Wanamuziki wawili, mpiga kinanda cha mdomo aliyejiita Sonny Boy Williamson, ambaye jina lake hasa lilikuwa Miller, na mpiga gitaa Robert Lockwood, walikwenda kwa Sam Anderson wa KFFA kuomba nafasi ya kupiga muziki. Anderson aliwataka wapate mdhamini, akawapeleka kwa Max Moore, mwenye kampuni ya Interstate Grocer, aliyeuza kwa jumla unga wa ngano uitwao King Biscuit. Moore alikubali. Wanamuziki wangeusifu unga wake, nao wangepata ruhusa ya kutangaza mahali watakapopiga ngoma jioni. Kila mmoja alijua anachouza na anachonunua. Mfanyabiashara alitaka kuwafikia wanunuzi ambao hapana gazeti wala kituo kilichojishughulisha nao. Wanamuziki walitaka ukumbi ujae usiku. Redio ilikuwa dalali kati yao.

Ikiwa chanzo ni biashara tupu, sanaa iko wapi? Jibu limo katika umbo la kipindi. Kilidumu robo saa. Kilipangwa adhuhuri, wakati wafanyakazi walipotua majembe wapate chakula, na tangazo lilihusu chakula hicho hicho kilichokuwa mezani: unga wa kuokea vile vimkate laini ambavyo watu wa Kusini mwa Marekani huviita biskuti. Mtangazaji alifungua kwa kuwahimiza watu wapitishiane vimkate. Ukafuata wimbo wa maamkizi uliowatambulisha wapigaji kwa jina la unga, kisha bluzi, kisha sifa za unga, kisha bluzi tena, kisha habari za ngoma ya usiku, kisha kuagana. Kesho yake mambo yalikuwa yale yale kwa mpango ule ule.

Mhakiki aliyelelewa katika ushairi wa Kiswahili hataona ugeni hapa. Kurudiarudia ni nguzo ya sanaa isemwayo, na kibwagizo hakichoshi kikikaa mahali pake. Tangazo la unga lilifanya kazi ya kibwagizo: liliugawa muda, likampumzisha mwimbaji, likamtayarisha msikilizaji kwa wimbo unaofuata. Ufupi nao ulifundisha adabu. Bluzi inayopigwa ngomani yaweza kurefushwa mpaka wachezaji wachoke. Bluzi ya redioni ilipaswa kuanza, kusema neno lake na kuisha kabla saa haijamkata mpigaji. Ni kama tofauti ya utenzi na shairi la beti tatu. Mwenye kipaji huzidi kung'aa akibanwa, na Sonny Boy, aliyejua kukifanya kinanda chake kiulize na kujibu kama mtu wa pili, alikuwa mwenye kipaji. Zaidi ya hayo, aliimba hapo hapo, bila santuri, kwa watu aliokutana nao jioni uso kwa uso. Ugomvi wa jana na mvua ya leo vilikuwa karibu na ulimi wake. Ukaribu huo ndio uhai wa fasihi simulizi, na kituo kikubwa cha mbali kisingeweza kuununua.

Hata hivyo uhakiki usiishie katika sifa. Inafaa kipindi hiki kilinganishwe na udhamini wa kale wa pwani ya Afrika Mashariki. Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, aliwasemea watawala wa Kimazrui na mji wao wa Mombasa, na hapana anayemvunjia heshima kwa sababu hiyo. Lakini mdhamini wa Muyaka alihitaji maneno yake katika vita na siasa. Alimtaka aseme, ajibu, achome. Mdhamini wa Helena alihitaji magunia yauzike tu. Tungo za Muyaka zilibeba mambo makuu ya mji wake. Nyimbo za adhuhuri ziliweza kubeba mapenzi, safari, ulevi na upweke, lakini hapana tangazo la unga ambalo lingevumilia wimbo juu ya Elaine. Mlango uliofunguliwa na biashara ulikuwa na kizingiti, na msanii alikijua bila kuambiwa. Uhuru wake ulikaa katika lahani na katika sauti, mahali ambapo mdhamini hakuwa na masikio ya kusikia yote yaliyosemwa.

Mambo ya majina yanaonyesha kizingiti hicho wazi zaidi. Jina la Sonny Boy Williamson lilikuwa la mwanamuziki mwingine, John Lee Williamson wa Chicago, aliyekwisha kupata sifa kwa santuri zake na aliyeuawa mwaka 1948. Jina la kuazima lilimfaa muuza unga, nalo likamfaa Miller. Baadaye kampuni ilitoa unga wa mahindi wenye jina hilo, na juu ya mfuko ikachora picha ya mwimbaji amekalia gunzi. Ulikuwa utukufu wa aina yake, picha ya mtu mweusi kuingia katika kila jiko la wilaya ile; lakini aliyetukuzwa alikuwa jina, na jina lilikuwa limekwisha kuwa mali ya duka. Tena wapigaji wake waliitwa redioni kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wavulana, neno ambalo katika nchi ile mtu mweupe alilitumia kumwita mtu mweusi aliyekwisha kuzaa na kulea. Msikilizaji mweusi alilisikia neno hilo kila siku, kisha akasikia kinanda kikilijibu. Hapo ndipo mvutano wa kipindi ulipo, na asiyeusikia hajakisikia.

Mfano ulienea upesi. Lockwood aliondoka akawa na kipindi chake cha unga wa Mother's Best, na Robert Nighthawk akausifu unga wa Bright Star, vyote katika KFFA. Mashindano ya wauza unga yakawa mashindano ya wapiga gitaa. Karibu na Memphis, B. B. King kijana alipata nafasi ya kusikika katika kipindi alichokuwa nacho Sonny Boy mjini West Memphis, kisha akaajiriwa na kituo cha WDIA, ambako naye alianza kwa kutangaza dawa ya kutia nguvu. Kituo hicho kilichofunguliwa mwaka 1947 kilikuwa mwaka uliofuata kimeanza kuwaelekea wasikilizaji weusi, na kufikia mwaka 1954 kilikuwa na nguvu ya wati 50,000. Wafanyabiashara walikuwa wamegundua kwamba watu waliotengwa wana fedha mfukoni. Ugunduzi huo haukuwa haki, lakini ulitangulia mahali ambapo haki ilichelewa.

Hasara kubwa ya Helena ni nyingine. Karibu yote yaliyoimbwa katika miaka ya mwanzo yamepotea. Robo saa tano kila juma ni zaidi ya saa moja ya utungo. Kwa mwaka ni zaidi ya saa 60. Biashara haikuona sababu ya kuyahifadhi, kwa kuwa unga wa jana umekwisha kuliwa. Miongoni mwa kumbukumbu za sauti zilizopo ni ile iliyonaswa mwezi wa Mei 1965 na Chris Strachwitz, wakati Sonny Boy, aliyekwisha kushangiliwa Ulaya, alikuwa amerudi katika kipindi chake cha kale. Alifariki Helena mwezi huo huo. Tungo za Muyaka zilinusurika kwa sababu Mwalimu Sikujua alizikusanya kutoka vinywani mwa watu, W. E. Taylor akazitunza, na William Hichens akazichapisha mwaka 1940. Helena haikumpata Sikujua wake mapema.

Kipindi chenyewe kiliendelea kwa namna nyingine. Sonny Payne, aliyekuwa mtangazaji wake tangu mwaka 1951, alikiongoza mpaka alipofariki mwaka 2018, akiwa amepita mara 17,000 mbele ya kipaza sauti. Kilipata tuzo ya Peabody mwaka 1992, na mji ukapata tamasha la bluzi la kila mwaka. Heshima hizo zilistahili. Lakini kipindi kinachocheza santuri za marehemu ni kumbukumbu ya sanaa; kile cha mwaka 1941 kilikuwa sanaa yenyewe, ikitungwa huku chakula kikiliwa. Mhakiki asichanganye viwili hivyo, hata kama saa ni ile ile na jina ni lile lile.

Jambo hili haliwahusu Wamarekani peke yao. Tanzania ilifungua mlango wa redio za watu binafsi kwa sheria ya mwaka 1993, na tangu hapo vituo vya biashara vimeenea hadi miji ya mikoani. Kabla yake Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyokuwa ya serikali, ilirekodi bendi, taarab na ngoma, ikaziweka kanda zake. Redio ya namna hiyo huchagua sana kisha huhifadhi. Redio ya duka huruhusu mengi kisha husahau. Katika vituo vipya mtangazaji wa asubuhi hutania, huamkua wasikilizaji kwa majina na vijiji, na hulisuka tangazo la pembejeo ndani ya methali. Huenda mengi ya hayo ni makapi. Lakini waliosikiliza bluzi za adhuhuri huko Helena wangeweza kusema hivyo hivyo, na wangekosea. Anayetaka kujua lipi ni punje na lipi ni kapi hana budi kusikiliza wakati msemaji yungali akisema, na kuiweka akiba sauti yake kabla unga haujaisha mfukoni.