Usubi: Kumpiga Mnyoo Kupitia Bakteria Wake

Mwaka 2009 watafiti wa Butembo, mashariki mwa Kongo, katika kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, walishiriki katika jaribio la kuwapa wagonjwa wa usubi, yaani upofu wa mtoni, dozi moja ya miligramu 8 ya moksidektini, dawa ambayo hadi wakati huo ilikuwa ya mifugo. Wenzao wa Rethy, Ituri, walifanya vivyo hivyo, na wengine huko Ghana na Liberia. Wagonjwa 1,472 walipewa dawa, baadhi yao wakimeza ivermektini iliyozoeleka ili matokeo yalinganishwe. Baada ya mwaka mmoja, mikrofilaria, yaani watoto wa mnyoo wanaotembea ndani ya ngozi, walikuwa wachache kwa asilimia 86 kwa waliomeza moksidektini kuliko kwa waliomeza ivermektini.

Ushindi mzuri, lakini dawa zote mbili zina kasoro ileile: mama hazimuui.

Mnyoo jike wa usubi, Onchocerca volvulus, hukaa ndani ya kinundu chini ya ngozi kwa miaka 10 hadi 15, akizaa watoto kwa mamia kila siku. Dawa husafisha ngozi, mama huacha kuzaa kwa miezi kadhaa, kisha huanza tena. Ndiyo maana mgawa dawa wa kijiji hulazimika kurudi kila mwaka, hata barabara ikikatika kwa mvua.

Njia ya kumfikia mama ilikuwa imeonekana zamani bila kutiliwa maanani. Katika miaka ya 1970 hadubini za elektroni zilionyesha vijiumbe vidogo ndani ya seli za minyoo wa jamii hii. Ilibidi kusubiri uchunguzi wa vinasaba wa miaka ya 1990 ili vijulikane: ni Wolbachia, bakteria wa ukoo uleule ambao Hertig na Wolbach waliuona ndani ya mbu mwaka 1924.

Kuishi na bakteria mwilini si jambo geni. Sifongo wa baharini hubeba bakteria wengi mno. Kwa baadhi yao, bakteria hufikia theluthi ya uzito wa mwili. Lakini sifongo huchuja maji mchana na usiku, kwa hiyo kila saa hukutana na bakteria wapya. Mnyoo wa usubi hana bahati hiyo. Bakteria wake hukaa chini ya ngozi yake na ndani ya ovari, na hurithiwa kupitia yai peke yake. Wakiangamia, hakuna pa kuwapata wengine.

Na anawahitaji kweli. Mwaka 2005 wanasayansi walisoma jenomu ya Wolbachia anayeishi ndani ya Brugia malayi, binamu wa mnyoo wa usubi anayeleta matende. Waligundua kwamba bakteria huyo amehifadhi uwezo wa kutengeneza hemu, ambayo mnyoo mwenyewe hawezi kuitengeneza, pamoja na riboflavini. Naye hupokea asidi amino kutoka kwa mwenyeji wake.

Achim Hoerauf na wenzake walijaribu hoja hiyo nchini Ghana, wakitoa matokeo mwaka 2000: doksisiklini, miligramu 100 kwa siku, wiki sita. Ni antibiotiki ya kawaida ambayo yenyewe haimdhuru mnyoo moja kwa moja. Bakteria walipokwisha, mayai yalikwama tumboni mwa mama bila kukua. Dozi ilipopandishwa hadi miligramu 200, zaidi ya nusu ya majike walikufa, ila polepole, kwa mwaka mmoja na nusu au miwili.

Polepole hiyo ina faida. Mwaka 2002 majaribio ya panya yalionyesha kwamba uvimbe unaoharibu konea ya jicho huchochewa kwa kiasi kikubwa na Wolbachia wanaomwagika minyoo inapokufa. Kwa maneno mengine, sehemu ya upofu wa mtoni inasababishwa na bakteria. Kuna faida nyingine kwa Kongo: mnyoo Loa loa wa misituni hana Wolbachia. Mtu mwenye Loa loa wengi mno katika damu akimeza ivermektini anaweza kupoteza fahamu, hata kufa. Doksisiklini humpita Loa loa bila kumgusa.

Kwa nini basi haigawiwi vijijini? Jibu la kawaida ni urefu wa tiba, na kwamba haipewi wajawazito wala watoto walio chini ya miaka 8. Hoja ya urefu imetiwa chumvi. Nchini Kamerun, katika maeneo yenye Loa loa, wagawa dawa wa vijiji waliwapa doksisiklini watu zaidi ya 12,000, na karibu wote walimaliza wiki sita. Lakini Kamerun ile haikuwa Beni ya leo, ambako kijiji kinaweza kuhama usiku mmoja kwa kuhofia waasi wa ADF, na mgawa dawa akabaki na vidonge bila wagonjwa.

Moksidektini iliidhinishwa Marekani mwaka 2018, kwa wenye umri wa miaka 12 na zaidi. Kwa mgonjwa anayeweza kurudi kliniki, doksisiklini ndiyo inayomfikia mama. Kwa kijiji kisicho na uhakika wa kulala mahali pamoja, moksidektini inashinda kwa siku 41.