Riwaya ya Kitereza na Suala la Vitabu Vilivyosahauliwa

Kwa muda wa nusu karne na zaidi, wasomi wa fasihi ya Marekani wamekuwa wakiyarudia maandiko ya karne ya 19 yaliyoachwa nje ya orodha ya vitabu vikuu, ili wayapime upya. Riwaya ya Harriet E. Wilson iitwayo Our Nig ilipigwa chapa Boston mwaka 1859, ikapita bila kusikika. Haikurudi kwa wasomaji ila mwaka 1983, baada ya Henry Louis Gates kuthibitisha ya kuwa mwandishi alikuwa mwanamke mweusi. Na ushahidi mmoja uliomsaidia ulikuwa cheti cha kifo cha mwana wa mwandishi huyo, aliyefariki mwaka 1860. Hannah Crafts naye aliacha mswada wa mkono ambao haukuchapishwa kwa muda wa karibu miaka 150, hata ukanunuliwa mnadani mwaka 2001 na kutolewa kitabu mwaka 2002.

Kusudi letu hapa si kuwasifu Wamarekani kwa bidii yao, bali kuuliza swali ambalo kazi yao yatulazimisha kuliuliza: kitabu hupoteaje, na ni nani apasaye kukirudisha? Sisi wa kando ya Ziwa Viktoria tuna mfano wetu wenyewe. Mitumbwi ishushayo dagaa katika mwalo wa Kirumba hutoka visiwani, na katika kisiwa kimoja, Ukerewe, ndiko ilikoandikwa riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali.

Mwandishi wake, Aniceti Kitereza, alizaliwa mwaka 1896, akasoma kwa wamisionari Kagunguli na baadaye katika seminari ya Rubya. Aliimaliza riwaya yake mwaka 1945, kwa lugha ya Kikerewe. Hakupatikana mchapaji wa kutoa kitabu kikubwa namna ile kwa lugha ya watu wachache. Basi mzee akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, yaani miaka 35 baada ya kukamilika. Mwaka uliofuata mwandishi alifariki. Yafaa tuone tofauti: kitabu cha Wilson kilichapwa kikakosa wasomaji, cha Kitereza kilikosa hata chapa, kwa sababu ya lugha yake.

Hadithi yenyewe ni ya Ukerewe ya zamani, kabla ya utawala wa wageni. Myombekere na mkewe Bugonoka hawana mtoto aliye hai. Jamaa za mume wamtukana mke kwa utasa, wakitaka aachwe. Wazazi wake nao, kwa uchungu, wamrudisha kwao. Myombekere hakubali kuoa mwingine na kumsahau. Aenda ukweni kuomba, naye atozwa faini ya pombe ya ndizi. Hatimaye mke arudi, apata tiba, na watoto wawili wazaliwa. Kitereza na mkewe, ambao watoto wao hawakuishi, waliijua huzuni hiyo nyumbani mwao.

Wahakiki kadha wa kadha wamekishutumu kitabu hiki ya kuwa ni ghala ya mila kuliko riwaya: kurasa nyingi juu ya salamu, kilimo, uvuvi na upikaji wa pombe, huku hadithi ikisubiri. Shutuma hiyo si ya kupuuzwa, maana mwandishi mwenyewe alikusudia kuwahifadhia vijana desturi za wazee wao. Lakini hebu tuitazame ile pombe. Myombekere hawezi kuitengeneza peke yake. Ndizi sharti zivunwe, ziivishwe na kukamuliwa, na kwa kila hatua hana budi kuomba mikono ya jirani na ndugu. Katika jamii ambayo watoto ndio nguvu ya nyumba, mtu asiye na mtoto huishi kwa hisani ya wenzake. Kwa hiyo maelezo yale marefu hayaisimamishi hadithi. Ndiyo yanayotuonyesha bei ya kumrudisha mke, na jinsi mapenzi ya watu wawili yanavyohitaji ridhaa ya kijiji kizima. Anayeziruka kurasa hizo ameruka kiini cha riwaya. Twakiri, hata hivyo, ya kuwa sehemu inayowahusu watoto haina mvutano kama ule wa mwanzo. Huko mila mara nyingine husimama peke yake, bila haja ya mhusika yeyote.

Tangu mwaka 1980 kitabu kimetembea. Kilitafsiriwa kwa Kijerumani na Wilhelm Möhlig, katika vitabu viwili vya mwaka 1991 na 1993, kikafuata Kifaransa, na mwaka 2002, Gabriel Ruhumbika, mwandishi mzaliwa wa Ukerewe, akatoa tafsiri ya Kiingereza kutoka katika Kikerewe. Kazi hizo zastahili shukrani. Walakini zina hatari moja: mwanafunzi wetu aweza kudhani ya kuwa Kiswahili cha mwaka 1980 ni daraja tu la kuvukia. Sivyo. Kiswahili kile kiliandikwa na mkono ule ule ulioandika Kikerewe. Si Kiswahili cha pwani. Kina uzito wa bara, na adabu ya mazungumzo ya Wakerewe yasikika ndani yake. Hakuna tafsiri nyingine iwezayo kudai haki hiyo.

Gates alihitaji cheti cha kifo ili kumtambua mwandishi wake. Sisi twamjua wetu kwa jina, kisiwa na lugha zake mbili. Basi kazi iliyosalia kwetu ni nyepesi kuliko yake: kukisoma kitabu chote, pamoja na kurasa za pombe, na kukifundisha kwa Kiswahili alichokichagua mwandishi mwenyewe.